Saba ya Dada

Karibu kila mwanamume anayeingia kwenye karakana yangu anataka mpini mgumu. Siku hizi siulizi kwa nini. Meneja mmoja wa bima, mtu wa kitambi na mabega ya kukaa kitini kutwa, aliwahi kunieleza kwamba mpini laini ni wa akina mama na wastaafu. Nikampa mgumu alioutaka. Wiki mbili baadaye akarudi analalamika kuwa mipira yote inakwenda kulia na kiwiko kinamuuma. Nikamfungia mpini laini, nikabandika juu yake karatasi ya ule mgumu, naye akaondoka akipiga mluzi. Mpaka leo ananiletea wateja.

Ninalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilichomfanyia dada yangu kilikuwa kitu kigeni mkononi mwangu.

Ninatengeneza fimbo za gofu kwa kipimo cha mtu. Vichwa vya chuma huja kwenye boksi kutoka kiwandani, mipini huja mafungu mafungu, vishikio vya mpira huja kwenye mifuko. Mimi nachagua, nakata, nagundisha, napima. Watu wananiita Gramu, jina nililopewa na makedi, wale wanaowabebea wachezaji mifuko, kwa madai kwamba hata nikiletewa ndizi naiweka kwanza kwenye mizani. Habari ya ndizi wametia chumvi. Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ina meza ndefu, majiliwa mawili ya kubania, na dirisha linalotazama uwanja wa mazoezi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Dada. Tumezaliwa tumbo moja, yeye kanitangulia miaka tisa, na mama alipofariki ni yeye aliyehakikisha navaa viatu kwenda shule. Alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, mumewe alishatangulia, na gofu alijifunza ukubwani kwa sababu, alivyosema, ni mchezo pekee ambao mtu hawezi kumsingizia mwenzake. Alishinda ngao ya wanawake ya klabu mara tatu. Kila fimbo aliyoshindia nilimfungia mimi.

Yeye ndiye aliyeniwekea sheria ya karakana. Siku za mwanzo nilikuwa nampa mteja fimbo huku namtajia kipimo: hii nzito kidogo, hii nyepesi kidogo, unaionaje? Wote waliiona kama nilivyoitaja. Dada aligundua upesi kwamba na yeye anafanya hivyohivyo. Akaniambia nisimtajie namba kabla hajashika, kwa sababu nikishaitaja, mkono wake hautakuwa ukiisikiliza fimbo, utakuwa ukinikubalia mimi. Tangu hapo ikawa mkono kwanza, mizani baadaye. Mteja anafumba macho, anashika, anasema anavyohisi, ndipo namba inasomwa. Miaka ishirini na mbili sikuivunja sheria hiyo.

Asubuhi moja alikuja na mfuko wake akaniambia vishikio vimekwisha, vinateleza, nimbadilishie. Nikatoa saba, yaani fimbo yake namba saba. Kishikio kilikuwa bado na meno yake yote, nilikifunga mwenyewe miezi sita kabla. Nikatazama glavu yake ya mkono wa kushoto. Kwenye vidole viwili vya mwisho ngozi ilikuwa mpya kabisa, maana yake vidole hivyo havikuwa vinashika chochote. Nilimwekea chai. Alinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akaona nimeona, akakirudisha mezani.

Basi akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Mkono ulikuwa unakufa ganzi tangu mwaka jana. Daktari alikuwa amempiga picha ya shingo akamwambia kuna mfupa unabana mshipa wa fahamu, kwamba anataka kumpasua, na kwamba tarehe imeshapangwa, mwisho wa mwezi. Daktari mwenyewe alikuwa na umri wa wanafunzi aliowahi kuwachapa. Alimpima kwa kumbana vidole na kumwambia avute, kisha akaandika.

"Mimi kipimo changu si kuvutwa vidole," alisema Dada. "Kipimo changu ni saba. Pale uwanjani kuna jiwe jeupe, mita mia na ishirini. Saba yangu imefika kwenye lile jiwe miaka yote. Sasa haifiki, kwa sababu vishikio vinateleza. Nitengenezee. Ikifika jiweni, basi shingo yangu ni nzima na daktari atafute shingo nyingine."

Nilicheka. Alikuwa amelisema kwa namna ya kuchekesha, na nilijiambia anatania. Lakini nilimjua. Dada hatanii kuhusu vipimo.

Na sikuwa gizani. Siku mbili kabla yake binti yake alikuwa amenipigia simu. Binti huyo anafanya kazi ya kupima watu macho katika mji mwingine, na ana ukali wa mama yake bila ucheshi wake. Aliniambia daktari amesema wazi kwamba kila mwezi unaopita, mkono unapoteza kitu ambacho hakirudi. Hata wakipasua baadaye, kinachookolewa ni kile kilichobaki tu. "Mjomba, mama anakusikiliza wewe," alisema. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Naomba umwambie." Nikamwahidi nitamwambia.

Sikumwambia. Niliogopa, sina neno jingine. Mtu aliyekufunga kamba za viatu anaponyanyua kikombe kwa mikono miwili, unatamani kufanya chochote kile kisimwanguke, na mimi chochote ninachojua kufanya kiko juu ya meza yangu. Nikasema sawa, acha mfuko, njoo Ijumaa.

Kazi ya kuchagua mpini ina utaratibu wake na huwa inanituliza. Dada alikuwa anatumia mipini ya chuma, laini kwa juu, isiyo na ngazi ngazi, kila mmoja gramu mia na kumi na nane. Kwa mkono wenye nguvu ni mipini mizuri, inakwenda inakopelekwa. Kwa mkono uliopungua inakuwa mzigo, na mpira unatoka umechoka. Kwenye rafu nilikuwa na mipini ya kaboni ya gramu sitini na mbili, iliyopakwa kiwandani rangi ya fedha ing'aayo kama chuma. Huwa siipendi rangi hiyo. Naona ni ya watu wanaoona haya. Niliteremsha fungu zima. Nikaubana kila mpini kwenye jiliwa upande wa kishikio, nikauvuta ncha na kuuachia, na mashine ikahesabu unatikisika mara ngapi kwa dakika. Iliyotofautiana na wenzake nikairudisha. Iliyobaki nikaizungusha taratibu kwenye beringi ili nione upande gani mpini wenyewe unataka kulala, kwa sababu hakuna mpini ulio sawa pande zote, na nikaweka alama ya penseli upande huo utazame lengo. Kazi hii wengi hawaifanyi. Niliifanya kwa mipini yote saba ya Dada, na kwa kweli nilikuwa na furaha.

Kisha uzito. Nina mizani mbili. Moja ni kama ya dukani, inasema fimbo nzima ina gramu ngapi. Nyingine ni ndefu, unailaza fimbo juu yake, nayo inasema kichwa kitauvuta mkono kiasi gani mtu akiizungusha. Hii haitoi gramu, inatoa herufi na namba. Ya Dada ilikuwa D2 miaka yote. Nilipoilaza saba yenye mpini mpya, ilishuka mpaka C6. Mchezaji wa miaka ishirini angegundua kabla hajamaliza kuinyanyua, maana kichwa kingepotea mkononi asijue kiko wapi. Kwa hiyo nikakata vipande vya risasi, gramu kumi na mbili, nikavitumbukiza ndani ya shingo ya kichwa kabla ya kutia gundi. Nikapima tena. D2. Kwenye mizani ya kwanza fimbo ilikuwa imepungua gramu arobaini na nne, na kwenye ya pili haikuwa imebadilika hata kidogo.

Ningeishia hapo nikamweleza, ningekuwa nimefanya kazi nzuri tu ya fundi kwa mtu anayeumwa mkono. Wazee wengi hucheza na mipini myepesi na hakuna aibu.

Lakini nilisimama dirishani, nikalitazama lile jiwe jeupe, nikapiga hesabu. Mpini mwepesi ungemwongezea mita kumi, labda kumi na mbili. Alikuwa amenieleza, huku akiligeuza kuwa jambo dogo, kwamba siku hizi mpira unaanguka karibu na bango la mita mia. Mita hizo hazikutosha. Nikakifunga kichwa cha saba kwenye jiliwa, nikachukua nyenzo ya kupindia, nikauinamisha uso wa chuma nyuzi tatu. Uso ukiinama, mpira haupai sana na unakwenda mbali zaidi. Saba ikawa inapiga kama sita, fimbo inayoizidi kwa umbali. Chini yake bado imeandikwa saba.

Niliinamisha saba peke yake. Ndiyo aliyokuwa anapimia.

Ijumaa alikuja. Nilikuwa nimebandika kwenye mipini mipya karatasi za ile ya zamani, na niliiweka saba juu ya mizani ndefu kabla hajaingia. Hakuwa amefumba macho wala hakuwa ameshika kitu niliposema, "D2, kama kawaida yako." Alinitazama kidogo. Nadhani alitaka kunikumbusha sheria. Kisha akaishika, akaitingisha mara mbili, akasema ndiyo, ndiyo hii, vile vishikio vilikuwa vimemharibia kweli.

Aliondoka akaenda moja kwa moja uwanjani. Nilimwona kupitia dirishani. Mpira wa tatu ulitua hatua chache nyuma ya jiwe, wa tano ukalipita. Aligeuka kuelekea dirisha langu akanyanyua fimbo juu. Na mimi nikanyanyua mkono.

Mwisho wa mwezi binti yake alipiga tena. Mama alikuwa ameenda mwenyewe hospitali, kwa miguu yake, akafuta tarehe. Alimwambia mhudumu kwamba saba imefika. Mhudumu hakuelewa, binti naye hakuelewa. Aliniuliza mimi. Nikamwambia ni habari za gofu, na kwamba nitaongea naye.

Nilivaa miwani ya mbao kwa miezi miwili mingine. Kila Jumatatu nilisema wiki hii. Dada alikuja mara kadhaa kunywa chai, akiwa mchangamfu, akinieleza nani amechezaje na nani anadanganya idadi ya mapigo. Kikombe alikuwa amejifunza kukishika kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto akiuweka mapajani kama mkono wa mtu aliyestarehe. Nilikuwa nikiutazama huo mkono, naye akiendelea kuongea, nami nikiitikia. Sikuwa na usingizi mzuri, lakini sikuwahi kufa kwa kukosa usingizi, na hiyo ilinitosha kuahirisha.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye sita. Kedi wa Dada, mzee mwembamba ambaye huhesabu hatua kwa sauti akitembea, alimwambia jambo ambalo alidhani ni la kuchekesha: sita yake na saba yake zinatua mahali pamoja. Mara ya kwanza waliona ni upepo. Wakarudia mipira kumi kumi, na mzee akapima kwa hatua. Tofauti ilikuwa hatua mbili. Kwa kawaida huwa ni kumi na zaidi.

Dada aliniletea sita. Aliiweka mezani, hana wasiwasi wowote, akasema niliikosea. "Saba umeitengeneza ikatengenezeka. Hii sita ina kasoro. Iangalie, nina mashindano mwezi ujao." Kisha, akiwa anatafuta kiti, akaongeza kwamba hospitali wamempigia tena kutaka kumpa tarehe mpya na amewaambia waache kumsumbua, mtu mzima anajua mwili wake.

Ningeweza kuiinamisha na sita. Ingechukua dakika tano. Halafu tano, halafu nne, mpaka fimbo zote kwenye mfuko wake ziwe zinasema uongo kwa mpangilio mzuri. Nilikuwa nimeshashika nyenzo. Niliiweka chini.

"Sita ni nzima," nilisema. "Saba ndiyo niliyoichezea."

Nikamweleza yote, mipini, rangi ya fedha, karatasi nilizobandika, risasi shingoni, nyuzi. Nilieleza kwa utaratibu wa kazi, cha kwanza kwanza, kwa sababu sikujua utaratibu mwingine. Alisikiliza akiwa amekaa wima, mkono wa kushoto mapajani.

"Gramu ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Na nyuzi?"

"Tatu."

"Na ulikuwa unajua nilichosema. Kuhusu jiwe."

"Nilijua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayepokea jibu alilokuwa ameshaliona kwenye karatasi ya mtoto. Kisha akaniambia niirudishe. Si kesho, sasa hivi, na yeye angesubiri. Mpini wa zamani nilikuwa nao, huwa situpi kitu. Nikapasha moto shingo ya kichwa mpaka gundi ikalegea, nikauchomoa ule wa kaboni, nikavimimina vile vipande vya risasi kwenye kisahani. Vilikuwa vidogo mno kwa kazi iliyokuwa imefanyika. Nikaurudisha uso nyuzi tatu. Nikatia mpini wa chuma kwa gundi ya haraka, ile ambayo siipendi kwa kazi za watu kwa sababu haina maisha marefu. Tulikaa nusu saa ikikauka. Hakuniuliza swali hata moja, na nilimshukuru kwa hilo, kisha nikaona kwamba si neema, hakuwa na lolote la kuniuliza.

Nilipompa fimbo alifumba macho. Aliishika, akajaribu kuinyanyua kwa mikono yote miwili kama apigavyo, na kichwa cha fimbo kikashuka kikagonga sakafu. Akakusanya nguvu akainyanyua tena. "Kumbe ndivyo ilivyo," alisema.

Tulitoka wote. Uwanja ulikuwa na watu wanne au watano, saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Alipiga mipira kumi. Sikuwahi kumwona Dada akipiga vibaya na sikujua pa kuangalia. Wa kwanza alipiga udongo. Wa nne ulikwenda vizuri kidogo ukatua mbali kabla ya bango la mita mia. Wa saba, fimbo ilimtoka mkononi ikaruka mbele yake, na mtu aliyekuwa karibu akageuza uso kwa adabu. Niliokota nikamrudishia. Alimaliza kumi zake. Kisha akatembea mwenyewe, akihesabu kwa sauti, kutoka kwenye mpira wake wa mbali kuliko yote mpaka kwenye jiwe jeupe. Hatua thelathini na nane. Alisimama pale, akaweka mguu mmoja juu ya jiwe, akafunga tena kamba ya kiatu kwa mkono wa kulia, na ilimchukua muda. Nilitaka kwenda kumfungia. Sikuthubutu.

Alipasuliwa baada ya siku kumi na moja. Upasuaji ulikwenda vizuri, kwa maneno ya daktari. Shingo ilipona, ganzi ikapungua, kidole gumba na viwili vinavyofuata vikarudi. Viwili vya mwisho havikurudi. Daktari alisema labda vingerudi na labda visingerudi hata kama tungewahi, hakuna anayeweza kujua, na alilisema hilo kwa upole wa mtu aliyelisema mara nyingi. Binti yake alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Mama yake alikuwa amemweleza. Aliniamkia kama kawaida, akaniletea kiti, na muda wote niliokaa hakuniita tena mjomba.

Dada hakunikasirikia. Watu wananiuliza hilo, nami nawajibu kweli. Tulikula pamoja kama zamani, alinitania mbele ya wageni, aliniuliza habari za karakana. Alinitumia ujumbe siku ya kwanza aliyoweza kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe. Niliusoma mara nyingi.

Mwezi wa nane tangu apasuliwe nikasikia ameanza kupiga mipira mifupi. Nilijiandaa. Nilichagua mipini myepesi kuliko yote niliyo nayo, myeusi, isiyoigiza chuma. Niliipima mtikisiko mara mbili mbili. Niliagiza vishikio vinene, ili mkono wenye vidole vitatu usihitaji kukaza sana. Kila mpini niliuandikia gramu zake kwa kalamu ya rangi nyeupe, herufi kubwa, mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuona. Kisha nikasubiri aje.

Kedi ndiye aliyeniambia, bila kujua anachoniambia. Alipita dirishani akasifu fimbo mpya za mwalimu. Nikauliza fimbo gani. Akasema zile alizofungiwa kule ng'ambo ya mji, na yule fundi mwenye duka la baiskeli na gofu pamoja.

Namfahamu fundi huyo. Gundi yake hufurika shingoni na haifuti. Hakati mpini, anaukwaruza. Mizani ndefu hana, anakadiria kwa kuining'iniza fimbo kwenye kidole.

Nilikwenda nyumbani kwa Dada jioni ileile. Alikuwa amekaa nje ya mlango akiminya mpira mdogo kwa mkono wa kushoto, kama alivyoagizwa. Mfuko wa fimbo mpya ulikuwa umeegemea ukuta. Nilimsalimia, nikakaa, nikamwambia fimbo hizo zimefungwa vibaya, naiona gundi kutoka hapa nilipo. Akasema na yeye ameiona.

"Sasa kwa nini, Dada?"

Aliendelea kuminya mpira. Alihesabu mpaka kumi, akapumzika.

"Nilipofika pale alinishika mkono akautazama. Akasema, mama, huu mkono ni dhaifu, hizi fimbo zako huziwezi, chukua hizi. Basi. Akageuka kumjazia mtu upepo kwenye tairi." Alitabasamu. "Wewe ungeniwekea chai kwanza."

Nikasema sitarudia, hata gramu moja. Nikasema nimeandika kila kitu juu ya mipini, aje aone.

"Najua hutarudia," alisema. "Mimi ndiye nitakayekuwa nazipima tena kila siku, moja moja, hata ukiniandikia. Siwezi kucheza hivyo. Wewe ni ndugu yangu na utabaki kuwa ndugu yangu. Ila fimbo zangu nataka zifungwe na mtu asiyenipenda."

Niliomba nishike ile saba, niihisi tu mkononi. Akasema hapana.